Pampu Yetu Haina Kosa, Kibanda cha Mama Kifunguliwe

Mtaa wa Ilaya,
San Bartolo.
Agosti 9

Mheshimiwa Daktari Luz Caparas, Mganga wa Mji,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na ini zima. Anayeandika ni Nonoy Pagsuyuin, mwana wa Aling Consing muuza halo-halo, ile barafu ya kukwangua yenye maziwa na maharage matamu, mbele ya kanisa, yule uliyemfungia kibanda Jumanne kwa karatasi yenye mhuri. Sikukuu ya mtakatifu wetu ni Jumapili hii, na siku hiyo moja hutulisha hadi Krismasi. Hasira ninazo, ila nimeziweka kando ili niandike kwa heshima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umesema wagonjwa wote arobaini na mmoja wa homa ya ini walikula halo-halo ya Mama. Hiyo ni sifa, Mheshimiwa. Nani hapa mjini hajaila? Wewe mwenyewe ulikula Machi, vikombe viwili, ukaomba uongezewe maziwa. Hao hao arobaini na mmoja walihudhuria misa pia, na padri sijaona akibandikiwa karatasi mlangoni.

2. Pampu. Maji ya mji yalikuwa yanatufikia kwa kudondoka kama pua ya mtoto mwenye mafua. Mwezi wa tano nikafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la barabarani, kwa mikono yangu hii, bila fundi na bila cheti. Jirani yetu Mang Teban naye ana pampu, lakini nikiwasha yangu, yake hukohoa tu. Tangu hapo barafu hatununui, tunagandisha wenyewe.

Basi vijana wako wakaja, wakamwaga rangi ya kijani kwenye choo cha Mang Teban, wakaniambia nifungue koki yetu. Dakika kumi na moja, yakatoka maji ya kijani. Yule kijana wako mwenye miwani akaeleza kwamba bomba la mji limepasuka pale linapopita kando ya karo la choo, na pampu ikivuta, bomba linafyonza vya nje. Akaniambia, "Kaka, pampu yako inavuta mpaka vya chooni kwa jirani."

Nikamshukuru. Naomba ripoti iandike hizo dakika kumi na moja, maana pampu ya Mang Teban ingechukua siku nzima. Halafu tuhesabu makosa vizuri: ufa ni wa mji, choo ni cha Mang Teban, changu ni nguvu tu. Nguvu imekuwa kosa lini?

3. Mke wa Mang Teban. Mumewe amelazwa, wa manjano kuanzia macho hadi kucha, nami nampa pole. Lakini mama huyu alisimama getini kwetu, mtaa mzima ukisikia, akasema, "We Nonoy, uliiba maji yetu tukanyamaza. Sasa unaiba hadi mavi yetu." Mheshimiwa, mwizi hurudisha? Sisi tulimrudishia mwenyewe, kwenye kikombe safi, na maharage matamu juu.

4. Huu ndio ushahidi wangu mkubwa, naomba usomwe mbele ya baraza la mji. Nyumbani kwetu tuko sita na hakuna hata mmoja mwenye macho ya manjano. Bibi ana miaka themanini na moja, na bingo hakosi. Kama maji ya koki yetu ni sumu, si yangetuanza sisi?

Kwa hiyo naomba kibanda kifunguliwe Jumamosi asubuhi. Naomba pia niajiriwe idara ya maji. Shule niliiacha mapema, kweli, lakini wenye vyeti wameshindwa kufikisha maji Ilaya kwa miaka sita, nami nilimaliza kazi hiyo kati ya chakula cha mchana na mechi ya kikapu.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule wa mapokezi, na wagonjwa wote arobaini na mmoja. Waambie Mama anawaulizia hali na anawasubiri.

Wako mtiifu, tena mwenye afya,
Nonoy Pagsuyuin

N.B. Ukija Jumamosi kufungua, usikatae kikombe cha kukaribishwa. Chako tutakitengeneza kwa maji ya mtungi wa dukani, haya tunayokunywa wenyewe nyumbani tangu Juni. Ya koki Bibi aliyakataa, alisema yananuka choo, na pua ya Bibi haijawahi kukosea.