Mawimbi ya Mchafukoge Nayo Yatabiriwe

Chandu Jivraj,
Duka la Vyombo vya Nyumbani,
Mchafukoge, Dar es Salaam.
Jumatano, 6 Mei 1998.

Kwa Ndugu Mhariri wa ukurasa wa Hali ya Hewa na Michezo,

YAH: KUSAHAULIWA KWA MTAA WETU KATIKA UTABIRI WA MAWIMBI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mkavu. Sisi huku hatujambo, kuanzia magotini kwenda juu.

Mimi ni msomaji wako wa kila siku. Nauza ndoo, mabeseni, sufuria na machujio, na gazeti lako nalisoma lote hadi matangazo ya zabuni, kisha mke wangu Shobhana hulitumia kufungia vikombe vya wateja. Kwa hiyo usinidhanie mtu wa kulalamika ovyo. Nimevumilia tangu mwezi wa pili, mlipoanzisha kile kisanduku chenye picha ya wimbi kinachoitwa "Mawimbi ya Rasi Pweza", kwa udhamini wa hoteli mpya iliyojengwa huko rasini, kwa faida ya watu wanaosimama juu ya ubao na kuteleza juu ya maji.

Jumamosi iliyopita mliandika, nanukuu: "Mawimbi mita moja na nusu, yanakuja kila baada ya sekunde kumi na mbili, yanavunjika safi kuelekea kushoto. Upepo mwanana kutoka nchi kavu. Wakati bora ni saa moja hadi saa nne asubuhi. Nyota nne." Chini yake, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, mkaandika: "Dar es Salaam: mvua." Basi. Neno moja kwa mji mzima.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Idadi ya watu. Jirani yangu Hamud, muuza vitambaa wa mlango wa pili, alipeleka mapazia kwenye hoteli hiyo mwezi uliopita. Kwa kuwa ni mtu wa kuhesabu kila kitu, alihesabu na wateleza mawimbi. Walikuwa wanne majini, na wa tano alikuwa amelala mchangani anajipaka mafuta. Watu watano hao wanaandikiwa sentimita na sekunde. Mtaa wetu, ukichanganya wakazi, wenye maduka, wapagazi na wanaopita kwenda Kariakoo, sijui ni maelfu mangapi, na wote hawa wako majini. Hakuna aliyelala mchangani kwa sababu mchanga wenyewe ulishachukuliwa na mvua.

2. Ubora wa mawimbi. Msije mkadhani tunaomba upendeleo. Jumanne ya wiki jana nilipima mwenyewe kwa mita ya mbao ya Hamud, ile ya kupimia vitambaa, na nawaletea matokeo kwa mtindo wenu. Mawimbi: sentimita sitini na tano, mpaka rafu ya pili ya Hamud. Yanakuja kila linapopita lori la saruji, yaani kila baada ya dakika tatu, na saa nane mchana yanafuatana bila kupumzika. Yanavunjika kuelekea kushoto, safi kabisa. Maji ni ya uvuguvugu, rangi ya chai ya maziwa, yana mapapai mawili na kandambili moja ya mguu wa kulia ambayo tumeshaizoea. Upepo mwanana, kutoka upande wa sokoni wanakouza samaki. Kwa maoni yangu ni nyota tano, lakini sitaki kujisifu.

3. Suala la rasi. Mtauliza: mawimbi ya namna hii yanahitaji rasi, je, Mchafukoge kuna rasi gani? Swali zuri. Ijumaa ya tarehe 24 Aprili mlitueleza wenyewe, na Shobhana alikuwa ameshafungia vikombe vya watu nikamwomba afungue nisome tena, kwamba wimbi likitoka mbali likakutana na kitu kigumu kilichojitokeza, linakosa pa kwenda, linapinda, na kukimbilia upande mmoja kwa nguvu kuliko lilivyokuja. Ndivyo kabisa! Maji yetu yanatoka upande wa Kariakoo yakiwa na adabu zao, yanafuata mtaro, hayamsumbui mtu. Yakifika mbele ya duka langu yanapandwa na wazimu. Yanapinda na kwenda kuvunjikia mlangoni kwa jirani yangu Benedikta, fundi cherehani. Ni nini kinachoyapindisha, sijui. Miaka mitatu nimekaa juu ya baraza langu nikiitafuta hiyo rasi na sijaiona. Baraza lenyewe ni zuri, la zege, nililijenga mwaka 1995 tulipoambiwa kila mfanyabiashara ajitanue, na ule mtaro nikausitiri humohumo kwa chini ili wateja wasitumbukie. Halijawahi kulowa hata siku moja. Naomba mtaalamu wenu aje aitafute rasi hiyo, nami nitampa kiti na chai.

4. Vipaji. Huko rasini mtu akisimama juu ya ubao kwa nusu dakika mnampiga picha. Jumanne hiyohiyo Bakili, anayesukuma mkokoteni tangu mimi sijaota mvi, alikuwa amepakia magodoro sita. Lori likapita, wimbi likaja, mkokoteni ukaelea. Bakili alirukia juu ya magodoro akasimama wima, mikono ameitandaza, akapita mbele yangu, akapita mbele ya Hamud aliyekuwa juu ya kaunta na daftari zake kichwani, akaenda kutua mlangoni kwa Benedikta bila kuanguka. Mtaa mzima tulipiga makofi. Hamna aliyemwandika. Mwenye magodoro alimwuliza tu, "Sasa haya nitamwuzia nani?" Bakili ana umri wa miaka hamsini na moja na hana mdhamini.

5. Ngazi husika. Mtasema niende kwenye ofisi inayohusika. Nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza niliambiwa kuzibua mitaro si kazi ya ofisi tena, imepewa mkandarasi binafsi. Mara ya pili niliambiwa mkandarasi yupo ila hajapatikana. Mara ya tatu amepatikana, ila hayupo. Mara ya nne waliniomba ndoo mbili, kwa sababu ofisi inavuja. Niliwapa, na vifuniko juu. Nikarudi nyumbani nimeelimika. Nimeelewa sasa kwamba mvua inanyesha kwa wote, lakini utabiri ni wa mwenye mdhamini. Sawa. Sisi watu wa biashara hatuogopi mambo hayo. Niko tayari kudhamini kisanduku cha mtaa wetu kwa ndoo kumi na mbili kila mwezi, za lita ishirini, rangi mchague wenyewe.

6. Benedikta. Hapa, Ndugu Mhariri, naomba usicheke. Mama huyu ameshona sare za binti yangu Komal tangu chekechea. Mama yangu mzazi alipofariki, Benedikta alifunga kazi akakaa na Shobhana siku zote kumi na tatu za msiba wetu, akipika chai ya wageni, na yeye ni Mkatoliki. Chumba chake kiko chini, mkono wa kushoto wa duka langu. Mwaka wa kwanza maji yalipoingia aliinua cherehani kwa tofali mbili. Mwaka jana, tofali nne. Mvua hizi za Elinino zimemfikisha tofali sita, na kiti chake kiko juu ya kreti za soda ili alingane na cherehani. Wateja wanamwamkia wakitazama dari. Wiki jana mashati arobaini ya shule, aliyoyakata bila kula mchana, yaligeuka rangi ya chai. Aliyafua mara mbili, akayaanika kwenye ngazi zetu. Jumapili akamwambia Shobhana, "Mama Komal, mimi nimechoka. Maji yakiingia tena nahamia Mbagala kwa dada yangu." Dada yake anaitwa Elisaria, na anakuja Jumamosi hii na gari. Shobhana tangu Jumapili hanipikii dal, mchuzi wetu wa dengu, ananipikia ukimya. Nami naumia. Kila maji yanapoingia mimi ndiye wa kwanza kumkimbilia na ndoo, mpya, bure, na bado anataka kuhama. Kama mwenye ubao anaambiwa wimbi lake litafika saa ngapi, kwa nini mwenye cherehani asiambiwe?

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kisanduku chetu cha kila siku, chenye urefu wa mawimbi, mwelekeo, na saa ya kunyanyua vitambaa. Pili, bendera nyekundu kwenye kona, na mwokoaji mwenye filimbi, ambaye anaweza kuwa Bakili. Tatu, kwa kuwa penye mawimbi na rasi ni ufukwe, mtaa wetu utambuliwe kuwa ufukwe, na viwanja vyetu viitwe viwanja vya ufukweni, ili wawekezaji watuonee wivu kama wanavyowaonea wenzetu. Nne, ukishakuwa ufukwe, tunaweza kuomba gati. Tukipata gati, litabinafsishwa. Likibinafsishwa atakuja mwekezaji kutoka nje, na huyo, kwa kuwa hataki viatu vyake vilowe, atazibua mtaro siku ya kwanza. Nimeipiga hesabu hii mara tatu na sioni njia nyingine fupi zaidi ya kuzibua mtaro katika nchi hii.

Hamud ananicheka. Anasema, "Chandu, wewe umeingiwa na maji kichwani." Lakini ameniazima mita yake, na ameomba kwamba mkituma mpiga picha, aje siku ambayo duka lake limepangwa.

Nakushukuru kwa subira yako. Wasalimie wapiga chapa wako, ambao wino wao hautoki hata gazeti likiloa, jambo ambalo mimi nimelishuhudia. Msalimie mwenye hoteli ya Rasi Pweza na wale wanne walio majini, na yule wa tano msimsahau. Wa kwetu wote wanakusalimu: Shobhana, Komal, Bakili aliye juu ya mkokoteni, Hamud aliye juu ya kaunta, na Benedikta aliye juu ya kreti.

Ni mimi, mkazi mwenzako wa pwani,
Chandu Jivraj.

Nyongeza. Bahasha nilikuwa nimeshailamba nikaona barua ya namna hii bila ramani haina uzito. Nikamwomba Komal, ambaye yuko kidato cha nne na anapata alama nzuri za jiografia, achore mtaa na mishale ya maji kama mnavyochora nyinyi rasini. Amechora vizuri. Mishale inashuka kutoka Kariakoo imenyooka, inafika kwenye mstatili mmoja uliojitokeza katikati ya mtaro, inaugonga, inapinda, inaingia kwa Benedikta. Nikafurahi kwamba hatimaye rasi imepatikana. Nikamwuliza huo mstatili ni kitu gani. Akasema, "Baba, hilo si baraza letu?"

Nilimwambia afute achore upya, apime vizuri. Akapima kwa mita ya Hamud. Ikawa vilevile. Kumbe katika lile zege niliacha bomba la inchi nne tu la kupitisha maji ya mtaa mzima, kwa sababu nilitaka baraza liwe pana nipange ndoo mistari miwili.

Nikaichukua ramani nikaenda nayo kwa Benedikta. Vitambaa ameshavifunga, cherehani imeshashushwa kutoka kwenye tofali. Aliitazama ramani muda mrefu, pini mdomoni. Nikamwuliza, "Miaka mitatu yote, kwa nini hukuniambia?" Akatoa pini akasema, "Nilikuambia, Baba Komal. Nilikuambia siku ileile unamwaga zege. Nikakuambia na mwaka jana. Ukaniletea ndoo."

Ndugu Mhariri, nilikunja ramani nikaenda kumtafuta Bakili.

Kwa hiyo barua hii usiichapishe. Bendera, mwokoaji, ufukwe na gati nimevifuta. Ndoo zote nimeziingiza ndani na Bakili ameanza kulipiga baraza nyundo tangu saa tisa, Hamud akimshikia patasi. Bakili anasema zege ni nene kuliko alivyodhani, litakula siku mbili, na siku mbili kutoka leo ni Ijumaa, na Elisaria anafika Jumamosi. Nimemwomba Benedikta asubiri aone mvua moja tu. Hajakubali, lakini furushi moja amelifungua, kwa sababu mkasi ulikuwa mle ndani.

Ombi langu moja limebaki, na hili naomba unijibu haraka, hata kwa neno moja kama kawaida yenu: kesho itanyesha au haitanyesha?