Tela la Wagonjwa na Magunia ya Yasini

Jumatatu, 30 Oktoba 2006

Fedha za UKIMWI za kijiji zimefika. Chache. Ofisa wa wilaya kasema tununue kitu kimoja tu, chenye manufaa, tena kionekane. Hilo la kuonekana alilirudia.

Kamati ilikaa mchana kutwa. Mwenyekiti, Yasini, alitaka jezi za timu zenye maneno ya kujikinga. Alisema Ruponda wamenunua jezi na sasa wanashinda kila mechi. Nikamuuliza kama virusi navyo vinafungwa mabao. Akasema wewe Katibu, Mmakua wewe, ukifa nitakuzika na hilo swali lako. Ni mtani wangu, ana ruhusa.

Mimi nilitaka baiskeli yenye tela, ya kuwapeleka wagonjwa kliniki Nachingwea. Marehemu mke wangu, Dorotea, tulimbeba kwa kitanda cha kamba, wanaume wanne. Kila tulipomtua alituomba radhi kwa uzito wake. Hakuwa na uzito wowote. Dawa za kurefusha maisha zilifika huku mwaka uliofuata.

Hayo sikuyasema kikaoni. Nilitumia akili. Mwalimu wa kwaya nilimnong'oneza kwamba tela litabeba ngoma zake. Swaumu wa kikundi cha akina mama nilimnong'oneza kwamba litabeba maji. Kura zikaja kwangu. Yasini alibaki na mkono wake juu, peke yake, kama anaomba ruhusa ya kwenda nje.

Jumamosi, 4 Novemba

Tela limetoka kwa fundi wa kuchomelea. Jeupe, lina godoro. Ubavuni nimeandikisha kwa rangi nyekundu: USAFIRI WA WAGONJWA WA UKIMWI. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika na neno la mwisho. Nikamwambia limelipiwa.

Nimelipitisha kijiji kizima nikipiga kengele. Watoto walinifuata. Watu wazima wote walikumbuka kazi za ndani.

Jumanne, 7 Novemba

Hakuna abiria. Mwalimu wa kwaya hataki hata ngoma zake zionekane humo. Swaumu kasema maji ya humo nani atayanywa.

Nimetafuta sababu, nimeipata. Watu hawajui jinsi godoro lilivyo laini. Hivyo nimejilaza mwenyewe, na jirani yangu Jonasi akaendesha. Tupite polepole, watu waone raha yake. Mwanzo kulikwenda vizuri. Kisha jua likanichoma machoni, nikajifunika shuka usoni. Godoro ni laini kweli. Nikapitiwa na usingizi.

Niliamshwa na vilio. Nilitulia kidogo nisikilize. Ni wachache waliolia, wala si kama walivyomlilia Dorotea. Nilipoketi, Swaumu alianguka kwenye mihogo. Habari ilishafika mpaka kijiji cha Lionja. Jioni shemeji yangu Valentina kaja na unga wa msiba kichwani. Aliponikuta nakunywa uji akasema kaka Fidelis, ungetuma mtu. Kisha akarudi na unga wake.

Yasini, kwa haki ya utani, alikuwa ameshakamata jogoo wangu wa matanga. Amekataa kumrudisha. Anasema kufufuka ni shauri langu.

Jumanne, 14 Novemba

Keshokutwa ni siku ya kliniki. Anayenitia mashaka ni Winfrida, jirani yangu, mjane. Dawa zake zinakwisha Ijumaa, na ofisa alituonya kwamba mtu akizikatisha hali inaweza kurudi kuwa mbaya kuliko mwanzo. Mwezi uliopita alikwenda kwa miguu, akalala njiani, miguu ikavimba. Huyu ndiye niliyemnunulia tela, ingawa hajui.

Nimekwenda kumwahidi usafiri. Nililisimamisha mlangoni kwake, nikapiga kengele kwa adabu, muda mrefu. Majirani wakatoka. Nikaita. Sauti ya Winfrida ikajibu kutoka ndani kwamba Winfrida hayupo. Nikauliza kama karudi kutoka shambani. Ikasema hajarudi.

Nimeacha salamu.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimeibiwa. Niliamka kumfuata Winfrida, nikakuta tela halipo. Jonasi kasema Yasini kalichukua alfajiri kupeleka korosho zake ghalani mjini. Kamwambia mwenyekiti haombi kwa katibu.

Nilikwenda kwa Winfrida kumpa pole. Hakuwepo kweli.

Nikakaa barabarani nikimngoja mwizi. Alirudi alasiri, anakanyaga baiskeli huku anaimba. Nyuma, juu ya magunia matupu, Winfrida na wagonjwa wengine wawili, wanakula karanga. Magunia yaliyoning'inia yalifunika maandishi yote. Hata herufi moja haikuonekana.

Nikamwambia Yasini hilo ni tela la wagonjwa, si la korosho. Akasema mgonjwa yuko wapi hapa, hawa ni vibarua wake, wanamshikia magunia kwenye kona. Vibarua wakacheka. Mmoja alicheka mpaka akakohoa.

Jioni nimemuuliza Winfrida kuhusu dawa. Kazipata, za mwezi mzima. Akaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu: kaka Fidelis, juu ya korosho hakuna anayeniuliza ninakwenda wapi.

Nimeandika kwenye taarifa kwamba wananchi bado wanahitaji elimu.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimemweleza ofisa. Tela limetumiwa kinyume cha lengo, na ujumbe umefunikwa. Kasikitika sana, hasa kwa ujumbe. Katupatia fedha kidogo zilizosalia. Nimenunua mnyororo na kufuli. Ufunguo naulalia. Nimenunua pia mlingoti na bendera nyekundu yenye maneno yaleyale, hata magunia yakipakiwa yasomeke kwa mbali.

Yasini kaitazama bendera. Kaniuliza kama nina siku nyingine ya kufa, safari hii achukue mbuzi.

Alhamisi, 14 Desemba

Siku ya kliniki. Nilifika kwa Winfrida mapema, bendera inapepea. Mlango umefungwa. Kwa wale wawili pia.

Nikawakuta njia panda. Yasini kaazima tela la mkaa Ruponda, kapakia magunia mpaka juu, na vibarua wake watatu wamekalia. Nikashangaa, maana korosho zake nilijua zimekwisha wiki iliyopita. Nikaminya gunia moja. Likabonyea kama mto wa kulalia. Majani makavu ya mkorosho. Yote.

Nikamuuliza mjini nani ananunua majani. Akasema soko lipo, ila ni la siri. Winfrida akaniangalia, akainua mkono kuniaga. Wakaenda, wanaume njiani wakiwasalimia na kuuliza bei ya korosho.

Maskini Yasini. Msimu huu umemharibu akili, anakanyaga baiskeli mpaka Nachingwea kuuza majani. Nitamwombea.

Tela letu nimelirudisha nyumbani, safi, godoro jipya kabisa. Nimefikiri njia nzima na sababu nimeiona: bendera ni ndogo.