Jua Lililotoka Mgongoni kwa Martha

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mimi Hhando ndiye fundi mkubwa wa blanketi za viraka Karatu nzima. Haya, daftari hili halisomwi na mtu, niseme kweli. Sindano nimeishika tangu Pasaka, na vidole vitatu vina plasta. Lakini mwingine hayupo, kwa hiyo mkubwa ni mimi.

Blanketi langu si la kujifunika, ni la kutundika ukutani. Nalishona kwa vipande vya vitambaa vya Seenoi, yule mbunifu wa Arusha anayechora tembo wa zambarau na twiga wa kijani. Niliagiza kiroba kizima cha masalio yake. Jirani yangu Lomayani, mlinzi wa loji, anasema Jumamosi Seenoi mwenyewe anakuja kuchagua kitu kimoja cha kupamba mapokezi. Kisha akasema tembo wangu ni boga lenye mkia. Na huyu ndiye ambaye mbuzi wake walikula maharage ya mke wangu Martha, nami nikamfichia. Ana siku yake.

Jumatano, 4 Juni
Kreta ninayoishona kwenye blanketi imekamilika. Kingo, ziwa, nyati. Jua hakuna. Kirobani hamna njano hata ya kufunika kifungo. Njano ya Seenoi hapa kwetu ni moja tu: sare mpya ya kwaya ya Martha, ya Pentekoste. Imetundikwa kabatini. Nimefungua mlango mara nne. Kutazama tu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekata. Mgongoni, duara kama sahani. Kwaya husimama ikitazama watu, mgongo atauona nani? Shimo nimeliziba kwa shuka langu jekundu la zamani. Mishono midogo, ya heshima. Jua limekaa mahali pake. Nimelitazama mpaka chai ikapoa.

Martha ameuliza kwa nini nimeosha vyombo. Nikasema mapenzi. Akanitazama kama anachambua maharage.

Jumamosi, 7 Juni
Kumbe loji ilialika kwaya imwimbie mgeni. Na wimbo mpya una kuzunguka. Mara tatu! Kanisani huwa nasinzia, ningejuaje? Kina mama kumi na wawili wakageuka. Migongo kumi na moja ya njano, mmoja una doa jekundu kama taa ya breki. Lomayani alicheka mpaka akaegemea fimbo.

Wimbo ulipokwisha Seenoi akamfuata Martha, akauliza nani alithubutu kuikata nguo ile. Martha akajipapasa mgongo. Akanitafuta kwa macho, akanikuta nyuma ya gari. Akajibu kuwa ni mume wake, hana adabu, lakini ni fundi.

Seenoi akalitazama blanketi nililokuja nalo, akasema limepoa pembeni. Nilizungushie wekundu wa kiraka kile, nilirudishe Ijumaa. Litapanda ukutani.

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Martha ameimba na kiraka chake. Aligeuka taratibu kuliko wenzake, watu wakione vizuri. Kwangu amesema kitu kimoja: niiguse tena nguo yake, nitalala zizini. Nimeapa. Mkasi na nguo ya Martha, basi.

Sasa ukingo unataka mita sita za nyekundu. Shuka langu lilishachakaa, limebaki la kufutia pua. Lomayani ana jipya, pana, halijafuliwa hata mara moja. Kesho nitamwambia hivi: “Rafiki yangu, yale maharage sijayasema mpaka leo. Niazime shuka lako, saa moja tu.” Mkasi ninao.