Sauti Nyuma ya Gari Langu

Jamani, leo nimeumbuka mpaka kiunoni. Kiunoni kwa sababu hapo ndipo maji ya ziwa yaliponifikia. Naandika sketi ikiwa bado kwenye kamba, kabla hamjasimuliwa na watu wa Kibirizi, maana wale wataongeza chumvi.

Kigari changu mnakijua, kile chekundu chenye mlango mmoja wa kijani. Bomba lake la moshi lilikuwa limetoboka, moshi unaingia mpaka chini ya viti. Na leo ilikuwa siku yangu ya majaribio: kumpeleka Sista Anjela, muuguzi mkuu aliyehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, hadi ufukweni wanakopokelewa wakimbizi wanaovuka kutoka Burundi. Nikifaulu, ni kazi ya kila siku. Nikishindwa, mdogo wangu Zakayo anaacha shule, kama nilivyoacha mimi kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini. Niliapa juu ya kaburi kwamba hilo halitatokea. Ndiyo maana alfajiri nilikuwa gereji Ujiji, nimesimama mbele ya mabomba matatu kama mtu anayechagua mchumba.

La kwanza lilikuwa la zamani, lina kutu, kimya kama limefiwa. La pili la vijana, linanguruma mpaka kuku wa jirani wanaacha kutaga. La tatu jipya, linang'aa, mdomo mpana kama sufuria ya msibani.

Fundi Hamisi hupima bomba kwa kulipuliza kwa mdomo, kama pembe. Akalipuliza la tatu. Likatoa sauti nyembamba, ya huzuni. Nywele zikanisimama.

"Mbona linalia?"

"Lina tundu dogo hapa kwenye mshono. Ukiachia pedali ya mafuta litalia kidogo. Utazoea, dada."

"Linalia kama nini?"

"Kama bomba! Unataka gari lipumue au liimbe kwaya?"

Nikachagua la tatu. (Lilikuwa linang'aa. Naomba tuliache hapo.)

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ziwa lilikuwa limetoa ukungu mzito. Saa mbili nikamchukua Sista Anjela mjini, sare yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata. Kiti cha nyuma akakaa mkalimani wake, Mzee Melkiori, Mrundi aliyevuka ziwa hili miaka mingi iliyopita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lako linapumua vizuri."

Nikavimba kichwa.

Kwenye lami hatukusikia kitu. Tulipoipita Kibirizi tukashika barabara ya udongo inayoteremka ufukweni, ukungu ukatumeza. Taa za gari ziliishia kwenye pua yake. Hakukuwa na ndege aliyelia wala mtu aliyepita. Nikaachia mafuta ili tuteremke polepole.

"Maaa... weee..."

Ilitoka nyuma yetu. Nyembamba. Kama mtoto aliyelia mpaka nguvu zikamwishia.

Mzee Melkiori akanishika bega. "Simamisha gari. Kuna mtoto. Anaita mawe."

Sista akasogeza uso kwenye kioo cha mbele. "Mawe? Yako wapi? Yameporomoka barabarani?"

"Siyo mawe ya kujengea, Sista. Mawe, kwa Kirundi. Mama."

"Mama wa nani?"

"Hilo ndilo la kutafuta."

Nikazima gari. Kimya. Tukashuka. Mzee akaita kwenye matete: "Uri hehe, mwana wanje?" Uko wapi, mwanangu? Hakuna aliyejibu. Matone tu, yakidondoka kutoka kwenye majani, moja moja.

Tukarudi garini. Nikawasha, tukateremka.

"Maaa... weee..."

Nyuma yetu vilevile. Umbali uleule.

"Anatufuata," akasema Sista Anjela, akapandisha kioo. (Mtu anayeshona vidonda bila kukunja uso. Akapandisha kioo.)

Mzee akasema kwa sauti ya chini, "Boti zimefika usiku. Watu wanashuka gizani, watoto wanaachwa. Nimeshaona."

Tulipofika chini kwenye mchanga sikungoja tena. Nikaruka nje. (Kumbukeni jambo moja: sikuzima gari.) Na safari hii sauti ilikuwa inatoka ziwani! Sasa najua kwamba ilikuwa inagonga mwamba ulio kushoto mwa ufukwe na kurudi. Wakati ule sikujua. Nilichoona ni ukungu mweupe umelala juu ya maji, na ndani yake kitu kinaita.

"Maaa... weee..."

Hapa lazima niseme ukweli. Mama alipofariki, Esta, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa na miaka miwili. Neno hilo alilichukua kwa watoto wa jirani zetu Warundi. Kila asubuhi alikuwa akigeukia mlango na kuita, "Mawe?" Mimi ndiye niliyekuwa naitika.

Basi miguu haikuniomba ruhusa. Nikaingia ziwani na viatu vyangu vya majaribio.

"Nipo! Mawe nipo hapa! Usilie, nakuja!"

Magoti. Mapaja. Kiuno. Nyuma yangu Mzee anasali, Sista amekumbatia sanduku la dawa. Kwenye ukungu wakaanza kutokea watu: kwanza akina mama waliokuwa wanaanika dagaa, kisha bodaboda wawili, kisha wanawake walioshuka botini usiku, wamejifunga mablanketi. Wakasimama mstari. Mmoja wao akaanza kulia.

"Niambie jina lako!" nikapaza sauti.

"Maaa... weee..."

"Jina lako, mwanangu!"

"Maaa... weee..."

Ndipo mama mmoja wa dagaa akalisogelea gari langu, beseni lake kiunoni. Akazunguka nyuma. Akainama. Akabaki ameinama hivyo kwa muda ambao sitausahau.

"Dada," akaita. "Toka majini. Gari lako ndilo linakuita."

Akavua ndala, akaiweka kwenye mdomo wa bomba. Kimya. Akaitoa.

"Maaa... weee..."

Akaiweka. Kimya. Akaitoa. (Alirudia mara nne. Mbili zilitosha.)

Sitaki kueleza kicheko kile. Bodaboda mmoja alikaa chini kabisa kwenye mchanga. Hata wale waliotoka Burundi wakacheka, walipotafsiriana wenyewe. Yule aliyekuwa analia alicheka huku anajifuta macho kwa blanketi, na hicho ndicho kicheko pekee ambacho hakikuniuma.

Mzee Melkiori hakucheka. Alikwenda akazima gari, akasimama analitazama ziwa. Kisha akasema taratibu:

"Miaka yote hii natafsiri watu. Leo nimetafsiri bomba."

Nikatoka majini na kiatu kimoja. Nilikuwa namfikiria Zakayo tu.

"Sista, nisamehe. Nikurudishe mjini, utafute dereva mwingine."

Akaniangalia kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu.

"Huyo dereva mwingine ataingia ziwani?"

Nikaanza kukamua sketi.

"Kesho saa mbili kamili," akasema. "Ila hilo gari kwanza limpate mama yake."

Nimetoka huko moja kwa moja hadi Ujiji, nimefungiwa lile bomba lenye kutu.

"Si nilikwambia litalia?" akasema Fundi Hamisi.

"Ulisema litalia kama bomba!"

"Kwani limelia kama nini?"

Nikamlipa, nikaondoka.

Sasa niko nyumbani. Habari ilifika kabla yangu. Zakayo, ambaye kwa ajili yake nimeloa, anaita kutoka uani kwa sauti nyembamba: "Maaa-weee, chakula tayari?" Na mimi, kwa mazoea, nimeshaitika mara mbili.

Ombi langu ni moja. Ukinikuta njiani, njoo mbele yangu unisalimie kama mtu mzima. Usiniite kwa nyuma, hasa kukiwa na ukungu. Nitaitika.