Magamba Yangu na Kamongo wa Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Julai 1995

Asubuhi nimekung'uta shuka. Magamba yameanguka tena. Meupe, membamba, yanang'aa kama ya samaki. Nimeyafagia kabla mume wangu Odoyo hajavaa viatu. Yangejaa kijiko! Yapo kwenye viwiko, kwenye magoti, na nyuma ya masikio ambako nayasikia kwa vidole tu, maana kioo chetu kidogo.

Yalianza Princess alipofikisha miezi miwili. Sasa ana saba, ana meno mawili, anacheka hata akiona sufuria. Mtoto anageuka mtu. Mama yake anageuka kitu kingine.

Najua yametoka wapi. Nasema humu tu. Nikiwa na mimba ya miezi minane nilikula kamongo. Kwenye ukoo wa Odoyo wanawake hawamli kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, anayejizika matopeni kiangazi kizima na hafi. Mwenye mimba ndiyo kabisa, hata mchuzi wake asiuonje. Nilijua! Lakini harufu ilipita dirishani ikitoka kwa jirani yangu Getruda, naye akanipa bakuli. Nililamba mpaka bakuli.

Jioni Odoyo kaniambia mama yake anafika Jumamosi kutoka Shirati. Nikasema karibu mama. Akasema mama kasikia nina ngozi ya mwiko, na akiiona kwa macho yake anaondoka na Princess. Mjukuu wake hawezi kunyonya kwa mtu aliyevunja mwiko. Nikauliza kasikia kwa nani. Odoyo akatazama ukuta. Upande wa pili wa ule ukuta anakaa Getruda.

Princess haendi popote. Nina siku tano, na akili ninayo.

Jumanne, 4 Julai

Mpango wa kwanza: jiwe la kusugulia miguu. Nimesugua viwiko mpaka vikatoa damu. Nikapaka mafuta. Laini kama shavu la Princess! Nimeimba nyimbo za kwaya mpaka Getruda akagonga ukuta.

Mpango wa pili, endapo wa kwanza utashindwa: nimeshuka Mirongo kwenye mitumba. Siku hizi kila kitu kipo, ukiwa na hela unavaa kafa Ulaya, nguo za marehemu wa huko, mpaka kidole cha mwisho. Nimepata glavu za bibi harusi, nyeupe, ndefu, zinapita kiwiko. Nilipozijaribu nyumbani, ndani ya kidole kimoja kulikuwa na ukucha.

Mwekundu. Wa mtu.

Nimeufukia nyuma ya choo na kuomba Baba Yetu. Glavu zinanikaa vizuri.

Jumatano, 5 Julai

Yamerudi, manene kuliko jana, chini yake pamekuwa pekundu na panawaka moto. Na kuna jambo jingine. Wiki mbili zilizopita waya wa kuanikia nguo ulinikwaruza mkono, alama ndefu iliyonyooka. Leo magamba yamesimama juu ya ile alama, moja nyuma ya jingine, hayakukosea hata kidogo. Kama kuna anayejua kila mahali nilipoumia.

Getruda kaja kuomba chumvi, kanikuta namenya mihogo na glavu. Nikamwambia ndiyo fasheni ya Nairobi. Akaniuliza, shoga, huko Nairobi maharusi ndio wanaomenya mihogo? Akacheka mpaka akasahau chumvi.

Lakini nimepata jibu! Nililala mchana na Princess kifuani, likaja lenyewe. Nilichukua kamongo mmoja ziwani. Basi nimrudishe mmoja, mzima, ziwa lishike wake, mimi nishike wangu.

Alhamisi, 6 Julai

Nimekwenda mwaloni, wanakoshushia samaki. Nimenunua kamongo aliye hai kwa mzee Ojuok. Akauliza anikatie vipande vingapi. Nikasema simtaki amekatwa, namtaka anapumua. Akatazama glavu zangu. Akafunga biashara mapema.

Nilikuwa nimrudishe palepale, lakini ziwa halikuwepo! Jana palikuwa na maji. Leo magugu maji yamejaa kuanzia mawe hadi kule jicho linapoishia, kijani kitupu, yamekaa kimya. Hakuna hata shimo la kutumbukiza kikombe. Nilirusha kijiwe. Hakikulia.

Nimemleta nyumbani ndani ya beseni, nimemficha chini ya kitanda mpaka upepo uyasukume magugu.

Sikujua kwamba anapumua hewa kama sisi. Katulia, katulia, halafu anatoa kichwa majini: hhaa. Kama mzee aliyepanda mlima. Princess akiwa juu ya kitanda anamjibu. Hhaa, chini. Haa, juu. Nimewasikiliza hivyo mpaka uji ukaungua.

Ijumaa, 7 Julai, Sabasaba

Siku mbaya.

Asubuhi ziwa lilikuwa wazi, halina jani. Nikainama kuvuta beseni. Hodi! Mama mkwe. Kaja siku moja kabla. Shikamoo mama. Marahaba, mwanangu, mbona umevaa kama unakwenda kuolewa tena?

Akambeba Princess, akaketi juu ya kitanda, akasema tuombe kwanza. Tukafumba macho. Alipofika kwenye kuwakumbuka wasafiri, chini yake pakasema: hhaa.

Akaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Hhaa.

Akauliza ni nani anayeumwa humu ndani. Nikasema ni Princess, ana kifua. Princess alikuwa mapajani kwake, ananyonya kidole chake.

Odoyo akainua shuka. Mimi nikawahi kumshika kamongo ili nimtoe nje kwa heshima. Akaniuma! Aliuma glavu tu, ashukuriwe Mungu, lakini hakuachia. Mimi navuta, yeye anavuta, glavu ikatoka yote mpaka kidole cha mwisho. Mkono wangu ukabaki mtupu mbele ya mama mkwe, na magamba yote, na mwanga wote wa dirisha juu yake.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

Jumamosi, 8 Julai

Mama mkwe anakunja nguo za Princess, anaziweka kwenye mkoba wake. Gauni la njano. Soksi. Basi lao ni Alhamisi. Nikimnyonyesha mtoto anageuka, anatazama mlango.

Odoyo amempeleka kamongo ziwani kwa ndoo. Amerudi amekunja uso. Anasema alimwachia, lakini samaki hakuzama. Alibaki juu ya maji anamtazama, na glavu bado mdomoni. Odoyo si mtu wa kutunga. Kiwandani anakofanya kazi wanampa kazi ya kuhesabu kwa sababu hiyo.

Nimeangalia viwiko. Yapo. Ziwa limechukua wake na halijanipa kitu.

Jumatatu, 10 Julai

Mama mkwe kataka mtoto apimwe uzito kabla ya safari. Tumekwenda kliniki ya watoto. Nilipomwinua Princess kwenye mzani, sweta likapanda. Nesi Suzana akaona kiwiko. Hakushtuka! Akaandika karatasi: daktari wa ngozi, anafika Jumatano ya pili ya kila mwezi. Keshokutwa.

Mama mkwe akasema hospitali hawana dawa ya mwiko. Nesi akamjibu, mama, twende tuone, miguu si ni yetu?

Nami nimepata mpango, mkubwa kuliko yote. Simtaki daktari. Nautaka muhuri wake! Mama mkwe haogopi mamba, ila muhuri wa serikali unamtetemesha. Nikipata karatasi yenye muhuri inayosema mimi ni mtu wa kawaida, Princess anabaki. Nitampelekea daktari kuku mweupe. Kwa mtu anayeona mambo huendi mikono mitupu.

Jumatano, 12 Julai

Nimetoka kwa daktari, naandika kabla sijasahau.

Daktari ni mama mfupi, Mhaya, Dakta Wilhelmina, miwani imefungwa kamba. Mama mkwe kaingia nasi bila kuitwa. Nilijiandaa kukana kamongo. Hakuuliza nimekula nini! Alishika vidole vyangu, akatazama kucha, akanionyesha vishimo vidogo vidogo kama vya tondoo, kile kikofia cha kidole cha fundi cherehani. Mimi sikuwahi kuviona.

Halafu akasema: nyuma ya masikio pia. Ndiyo. Na kichwani, chini ya nywele. Ndiyo. Na kitovuni. Nikafunika kitovu. Na kwenye mfereji wa makalio.

Sijawahi kumwambia mtu! Hata Odoyo! Mama mkwe akashika kiti. Hata kuku alinyamaza.

Akachukua kijiti, akakwangua gamba moja polepole. Chini yake ngozi ikawa nyekundu, kisha vitone vya damu vikatokeza, kimoja, kingine, kingine, kama mtu yuko ndani anachoma na sindano. Daktari akasema, naam, ndiye huyu. Alivyosema ni kama amekutana na mtu wa zamani.

Jina la ugonjwa ni soriasisi. Anasema si samaki, si mwiko, si uchafu, na hauambukizi. Mwili wenyewe umeingiwa na haraka: ngozi inayotakiwa kuota kwa mwezi mzima inaota kwa siku chache, ya zamani haijaondoka, zinapandana. Wengine huamka nao baada ya kujifungua. Akaona alama za jiwe, akanikaripia. Ukiiumiza ngozi, unauita.

Akauliza, kwenu nani anao? Nikasema hakuna. Halafu nikamwona baba yangu, marehemu Ooko. Alivaa mikono mirefu siku zote, hata kwenye joto la Februari, hata akiburuta nyavu. Tulipokuwa watoto tulidhani anasikia baridi. Amekufa hatujawahi kuona viwiko vyake. Nikalia. Daktari akaningoja.

Kisha akafanya jambo. Akapitisha kiganja chake kitupu juu ya magamba yangu, chote, kama mtu anayepapasa mbuzi. Na kwa kiganja kilekile akampokea Princess. Mama mkwe akasimama. Princess akavuta miwani. Mama mkwe akauliza, na maziwa je? Daktari akasema maziwa ni ya mtoto, anyonye mpaka achoke, ila nisipake dawa kwenye chuchu.

Dawa: marhamu nyeusi asubuhi na jioni. Nyingine ya tyubu, kidogo tu, pale palipo nene, kwa wiki mbili, nisizidishe. Mafuta mazito nikitoka kuoga. Jua la asubuhi dakika chache. Jiwe nitupe. Akasema hauishi moja kwa moja, unaondoka na unarudi, na ukirudi nije, nisijifiche.

Nikaomba muhuri. Akauliza wa nini. Nikasema wa mama mkwe. Akapiga mitatu. Kuku alimkataa.

Njiani tukafika Mkuyuni. Mama mkwe akasema, yule mama anaona. Hata muhuri hakuutazama! Atakaa mpaka Jumatano ya daktari ijayo. Nikipona, sawa. Nisipopona, mkoba umeshafungwa.

Jumapili, 23 Julai

Marhamu inanuka lami. Odoyo anasema analala na barabara. Getruda kauliza ukutani, eti wanapitisha lami humo ndani, mbona hatujaambiwa tuhame?

Mama mkwe anahesabu saa. Asubuhi paka. Jioni paka. Kwenye jua ananisimamisha kama dagaa wa kuanika.

Leo nimekung'uta shuka. Halikuanguka hata moja. Nimekung'uta tena, nimegeuza. Hakuna. Nimeogopa kuliko siku zote. Yale yalikuwa yangu, nilikuwa nayajua. Yamekwenda wapi?

Jumatano, 9 Agosti

Kwa daktari. Viwiko vimelala, vimebaki vivuli tu. Amefurahi. Kasema niendelee nisiache, nirudi Septemba, na nikiona chochote kwa mtoto nimlete, hata kama ni kidogo.

Mama mkwe akasogeza kiti. Akamwomba daktari, kwa kuwa anaona, amwambie ng'ombe wake aliyepotea mwaka juzi yuko kwa nani. Daktari akasema hilo si la ngozi. Nje mama mkwe kanieleza: anajua, ila hataki kugombanisha watu.

Alhamisi, 10 Agosti

Mama mkwe ameondoka.

Asubuhi aliuleta mkoba kitandani. Akatoa gauni la njano, akalilaza. Akatoa soksi. Moja moja, mpaka mkoba ukabaki na nguo zake tu. Mimi nilisimama mlangoni nimembeba Princess.

Kwenye basi akamtemea Princess mate ya baraka utosini, kama wazee wa kwao wanavyofanya. Akaniambia, mama Princess, nyonyesha.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Getruda hakugonga ukuta.

Jumapili, 13 Agosti

Leo wakati namwogesha Princess. Utosini. Nimekiona.

Kigamba. Cheupe, kina mafuta mafuta. Kando yake kingine.

Nimewaza sana na nimeelewa kila kitu. Ni palepale alipotemewa mate! Huenda yale hayakuwa ya baraka. Au yalikuwa ya baraka, ila mama mkwe alikuwa amekula kitu njiani. Hakuna jibu jingine.

Daktari alisema nimlete. Lakini yule anaona! Akimshika Princess ataona mate, ataona ya nani, atayasema, na mama mkwe atapanda basi na mkoba mtupu kuja kumchukua. Hapana. Mama mwenye akili hamsumbui daktari kwa vigamba viwili.

Nimemvalisha kofia ya sufu, yenye masikio ya sungura. Nimeifunga mafundo mawili chini ya kidevu. Odoyo kauliza mbona mtoto kavikwa sufu kwenye jua hili. Nikasema mafua. Akatazama ukuta.

Kanisani, ibada ilipokwisha, nilimnong'oneza Princess: hii ni siri yetu, mama, usimwambie mtu. Akaacha kucheka. Akanitazama sana, kama mtu mzima. Kisha akaitikia kwa kichwa.