Mtu wa Miaka Elfu Mia Ijayo

Yuma, Bosco, leo nimejivua nguo mchana kweupe, na mtaa mzima wa Mangobo umeona. (Nguo ninazo mwilini. Kilichotoka ni kitu kingine, subirini.) Nawaandikia jioni hii hii, kabla ya madereva wa lori kuwaletea habari huko Bengamisa wakiwa wameitia chumvi. Habari yenyewe haihitaji chumvi.

Mnajua Jumapili ya leo ilikuwa ya nini. Miaka miwili namposa Zaina, binti wa Papa Feruzi kinyozi, na leo saa nane mchana baba yake alikuwa atoe neno la mwisho. Mtu mwenye akili angekaa nyumbani asubuhi, akapiga pasi suruali yake na kuogopa kimya kimya. Mimi nilikubali kutoa mazungumzo saa nne katika ukumbi wa cercle, ile klabu ya mtaani. Nilitaka mkwe asikie jinsi mimi, moniteur Saidi, mwalimu wa sayansi, ninavyosema mbele za watu. (Kiburi, ndugu zangu. Kiburi na tai nyekundu.)

Mada ilikuwa: binadamu atakuwaje baada ya miaka elfu mia. Mwanzoni nilitaka kueleza alikotoka, lakini mkuu wa shule, yule Mbelgiji, akaniita na kunionya kwamba nikigusa habari za tulikotoka watu wa misioni watamjia juu. Nikamwuliza, na tunakokwenda je? Akafikiri. Huko hawajakataza, akasema. Ruhusa nikapata.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilifurahi kama mjinga, nikidhani watu wa Kisangani wamependa sayansi. Kumbe mwezi huu, mtu akisimama mbele ya ubao na tai shingoni, watu wanajua ni chama, na chama lazima kina ahadi. Indépendance, huo uhuru wetu, ni mwezi ujao. Kila wiki kuna anayesimama kutuambia baada yake tutapata nini. Nikaona watu wameshika kadi zao za chama, wengine za vyama viwili. Papa Feruzi alikuwa benchi la kwanza, kofia kichwani, mikono juu ya fimbo.

Nikaanza vizuri. Nikasema mashine zitafanya kazi zote, kwa hiyo mikono ya watu itakuwa myembamba. Wakapiga makofi! Nikasema chakula kitakuwa laini, kwa hiyo meno yatapungua. Wakaguna kidogo, kisha mzee mmoja akawatuliza wenzake kwamba lituma haitaki meno, ndizi ikishatwangwa imetwangwa. Nikasema kichwa kitakuwa kikubwa kwa sababu ya kufikiri. Makofi tena. Nilijisikia waziri.

Hapo ningeshuka, sasa hivi ningekuwa mchumba wa watu. Lakini mama mmoja muuza samaki akasimama akauliza, na nywele je?

Nywele hazikuwa kwenye karatasi yangu. Naapa. Ukurasa ule nilioutoa kwenye jarida la zamani haukuwa na neno juu ya nywele. Lakini watu mia wanakutazama, midomo wazi, na mkwe wako yuko mbele. Utasema hujui?

"Nywele zitaisha," nikasema. "Zote. Hata za wanawake."

Kisha mfanyakazi mmoja wa bandarini, mtu mzima, mabega mapana, akauliza ni lini. Nikajibu polepole, kwa sauti ya darasani, kwamba wasiogope, ni baada ya miaka elfu mia. Akacheka kwa huruma, kama mtu anayezungumza na mtoto.

"Moniteur, ile indépendance, Wazungu walisema itakuya kisha miaka makumi tatu. Tukalala, tukaamuka, iko mwezi ule unakuya. Alors hii miaka elfu mia yako, mimi naona itaisha mbele ya Noeli kufika."

Jamani, mngemjibu nini? Watu wote wakageuka kutazamana vichwa. Yule mama muuza samaki akafunga kitambaa chake vizuri na kutoka mbio, na wengine nyuma yake. Papa Feruzi aliinuka taratibu, akanitazama, akaenda zake. Nikajipa moyo kwamba amevutiwa.

Saa nane nikaenda na Tonton Musa, mdogo wa baba yangu. Desturi mnaijua: mwoaji hafungui mdomo mbele ya mkwe. Anayesema ni tonton, mwoaji anatazama miguu yake. Njiani tukapishana na mwanaume amenyolewa upande mmoja tu, kama shamba lililolimwa nusu. Tonton akamwuliza kimemsibu nini. Akajibu kwamba habari imemkuta kitini, akaona bora ahifadhi hizo zilizobaki.

Nilitaka kurudi nyumbani. Tonton, ambaye asubuhi alikuwa amelala, hakuelewa kwa nini nakokota miguu. Alidhani ni mapenzi.

Tulimkuta Papa Feruzi barazani kwake, wembe umenolewa, kiti kitupu. Jumapili huwa watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Leo hakuna hata mmoja. Watu walikuwepo, wengi sana, lakini wamesimama ng'ambo ya barabara wameshika vichwa vyao. Zaina alikuwa mlangoni na mama yake. Hakunitazama. Nikajua yameharibika.

Papa Feruzi akatukaribisha, akamwuliza Tonton habari za nyumbani, za watoto, za kuku. Kwangu hakugeuka. Kisha akasema:

"Musa, mutoto yako alisema nywele za watu zitaisha. Bon. Mimi niko kinyozi tu, siwezi kubishana na mwalimu. Lakini mutu mwenye kuleta habari, iko muzuri aanze yeye. Kiti iko pale."

Nikamtazama Tonton. Kwa macho nilimwambia kila kitu: kataa, omba radhi, sema naumwa, sema nyumba inaungua. Yeye ndiye mdomo wangu, mimi sina ruhusa. Tonton akatazama kile kiti, akatazama wembe, akatazama ule umati, akanitazama mimi. (Huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo.)

"Anakubali," akasema.

Nikakaa. Mnakumbuka nywele zangu, zile mlizokuwa mnaziita bustani ya gavana, na njia yake ya kati niliyoichana miaka sita. Papa Feruzi hakuharakisha. Alianza mbele ili wote waone. Kila kipande kilipoanguka, ng'ambo ya barabara waliitikia "eee". Kuongea siwezi, kulia siwezi, kusimama siwezi. Alipomaliza alipaka mafuta, akanigeuza na kiti chote kuwaelekea watu. Yule wa bandarini alikuwepo. Akawaambia wenzake, "Munaona? Imeanza."

Zaina akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini kizingitini, kitenge mdomoni, machozi yanamtoka. Iliniuma, sitawaficha. Iliniuma kuliko wembe.

Mama yake akamwambia Tonton mithali ile ya mdomo kuponza kichwa, na Tonton akaitikia kwa heshima kwamba ni kweli kabisa, mama. (Mdomo wenyewe ni wake!) Kisha Papa Feruzi akafuta wembe, akatoa lile neno tulilolifuata.

"Musa, sikiliza. Nywele zake zikiota tena, basi alisema uongo, na muongo tunaweza kumusamehe. Atapata bibi yake, Zaina. Zikikataa kuota, donc alisema kweli. Na mimi binti yangu sitamutuma mbali vile, kwa mutu wa miaka elfu mia ijayo."

Tonton akasema asante. Tukaondoka. Langoni Zaina akatukimbilia na kofia kuukuu ya baba yake, akanipa, akanong'ona kwa haraka kabla mama yake hajaona.

"Siku meno itaanza kuanguka, uniambie mbele, nipike lituma."

Nimeikariri sentensi hiyo mara arobaini njiani. Naona kuna matumaini ndani yake. Nyinyi mnaonaje?

Sasa nimekaa hapa na kioo, na kila nusu saa napapasa. Utosini kuna vitu, nadhani. Mbele, juu ya paji, bado hakuna kitu, na mnamkumbuka marehemu baba yangu alivyokuwa na upara mbele. Naombeni msicheke, na msimsomee mtu barua hii. Mwalimu mzima wa sayansi, namwomba Mungu niwe nimesema uongo.