Mtutu Uliokataa Kuzeeka

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Yule nyati dume anayetembea peke yake ameingia tena mashamba ya ng'ambo ya mto. Safari hii hakuishia kwenye mahindi. Amemrusha mkulima juu ya ua wake mwenyewe. Mbavu zimevunjika. Mkuu wetu wa kituo, mwanamke asiyejua kupepesa macho, alituita ofisini mimi na Kipara, askari wa doria. Ijumaa tunakwenda kummaliza, akasema: yeye, Kipara na mimi.

Mimi! Mtunza ghala la silaha. Kazi yangu ni kufuli, mafuta na vitambaa. Askari wa wanyamapori huja, nawapa bunduki safi, wanakwenda kwa wanyama, mimi nabaki kivulini. Nilidhani tumeelewana.

Kipara alifurahi. Eti ameingoja siku hii. Yule mtu ana waya umelegea mahali.

Chakula hakikushuka. Mke wangu akauliza nina nini. Nikasema joto. Akauliza mbona natetemeka. Nikasema ni joto la ndani.

Kabla sijalala, wazo. Bunduki mbovu haipelekwi porini. Basi na mwenye bunduki mbovu habebwi.

Jumanne, 4 Juni

Nimefika ghalani mapema, nikachukua bunduki niliyoandikishiwa, nikamulika tochi ndani ya mtutu. Unang'aa kama sahani mpya. Mkosi mtupu.

Lakini akili haikunitupa. Nikaenda kwa Mkuu na uso wa msiba, nikamwarifu kwamba mtutu wangu umelika. Akauliza nimejuaje. Nikamweleza kwamba unang'aa kupita kiasi. Ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ili iende sawa imesuguliwa mpaka imegeuka kioo. Nilijisikia msomi.

Mkuu alinitazama. Nikatazama kalenda yake. Akasema nimefanya vizuri kuripoti, maana kuna fundi wa bunduki anapita kesho. Atazipima zote.

Sijui kama wana kifaa cha kupima na watu.

Jumatano, 5 Juni

Fundi ni mama wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Kipara anamwita shangazi kana kwamba alimbeba mgongoni.

Nikawahi kumweleza habari ya kung'aa. Akacheka taratibu. Akasema jicho hudanganya: mtutu mchafu huonekana mgonjwa kumbe mzima, na unaong'aa huweza kuwa umekwisha. Mtutu huanza kulika kooni, akasema, pale risasi inapoanzia safari, kwa sababu moto wa baruti unaunguza hapo kwanza. Kisha akaingiza kwa nyuma fimbo nyembamba ya chuma yenye alama. Koo likiwa limelika, fimbo huzama zaidi.

Kwenye bunduki yangu ilizama kidogo ikagoma. Kwenye ya Kipara ilizama kama kijiko kwenye asali.

Nikakauka koo, mimi mwenyewe. Lakini Fundi akasema fimbo inasema nusu tu, nusu nyingine itasemwa na karatasi. Kesho kila mtu apige shabaha na bunduki yake, imelazwa juu ya mfuko wa mchanga.

Nimefurahi kidogo. Kukosa shabaha siwezi kushindwa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeshindwa.

Mpango ulikuwa safi. Sikulenga katikati ya karatasi. Nililenga kona ya kushoto, kila risasi, kwa uangalifu mkubwa, hata pumzi nilibana. Fundi akaenda kuangalia. Akamwita Mkuu. Matundu yote yamekaa kushotoni, yamebanana kama ndugu kwenye mkeka mmoja.

Fundi akasema mtutu uliochoka hutawanya risasi; hauzipeleki zote nyumba moja. Huu ni mzima kabisa, labda kilengeo ndicho kimepinda. Kisha akanigeukia. "Na wewe baba, mkono wako umetulia mno. Kwa nini wanakuficha ghalani?"

Mkuu akasema hata yeye anashangaa.

Karatasi ya Kipara ilikuwa kama imenyeshewa mawe. Tundu huku, tundu kule, na moja refu, kwa sababu risasi ilitua kiubavu. Fundi akafunga utepe mwekundu kwenye mkanda wa bunduki ile, akasema imekufa, isipelekwe popote. Akala, akaaga, akaondoka.

Bunduki zetu ni mapacha. Zinatofautiana namba tu, na namba ni ndogo. Wote walipokuwa wanamsindikiza Fundi kwenye gari, nilihamisha utepe.

Naandika haya na jasho likidondokea karatasi. Sasa iliyokufa ni yangu. Kipara atabeba nyingine. Ni kweli nyingine ndiyo iliyokufa. Lakini Kipara ni hodari, na tena Mkuu atakuwepo. Nimeamua kutolifikiria. Nimelifikiria jioni nzima.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nilifika na kikohozi, kwa usalama zaidi. Mkuu akasema iliyokufa ni bunduki, siyo mtu. Kipara ataendesha gari. Mwenye mkono uliotulia atabeba ile nzima, isiyo na utepe.

Akanikabidhi. Ile nzima. Ile ya Kipara, iliyotoboa tundu la kiubavu.

Nikasema naomba nikague kitu ghalani. Nilitaka kubadilisha, nichukue yangu. Mkuu akasema yenye utepe ameifungia ofisini ili isichanganywe. Nilitaka kusema ukweli pale pale. Mdomo ulifunguka, ikatoka habari ya hali ya hewa.

Nyati tulimkuta nyuma ya banda la mbuzi, mwisho wa shamba. Kipara alibaki garini. Sikujua nyati ni mkubwa namna ile. Anasimama kama ukuta, halafu ukuta unageuza kichwa. Masikio yangu yalisikia damu yangu mwenyewe.

Mkuu akasema kwa sauti ya chini, "Ubavu wake uko wazi upande wako. Piga, mimi nakulinda."

"Mkuu," nikasema.

"Piga."

Nikalenga kwa haki kabisa. Naapa. Nikapiga. Bati la banda likalia kama ngoma, mbuzi wakatoka wote. Nyati hakuguswa hata unywele. Akaja.

Sikumbuki kutupa bunduki. Nakumbuka nimekumbatia nguzo ya banda, nimefumba macho, naisikia ardhi. Mkuu hakukimbia. Alipiga mara moja, nyati akaendelea kuja. Akapiga tena. Ardhi ikanyamaza.

Nilipofumbua, nyati alikuwa amelala karibu na buti za Mkuu, karibu kiasi cha kumwagia vumbi. Mkuu alikuwa amesimama, mashavu yamepauka. Kwa mara ya kwanza nilimwona akipepesa macho. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote, na nyati alikuwa ameshakufa.

Akaiokota bunduki niliyoitupa. Akaigeuza. Akasoma namba. Akaisoma tena.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeitwa ofisini. Kipara alikuwepo. Mkuu akauliza utepe ulihamaje. Nikasema pengine upepo. Akauliza ni upepo gani unaojua kufunga fundo.

Kipara alikuwa ameinamia kofia yake. Akasema polepole, "Kama siyo kuendesha, ningekuwa nayo mimi. Ungeniacha niende nayo, ndugu yangu?"

Ningependa angenipiga. Nilisema samahani, na safari hii ilitoka yenyewe.

Hukumu: nimetolewa ghalani. Funguo kapewa Kipara, ambaye hana bunduki tena. Na mimi, kwa kuwa mtutu wangu ndio mzima kuliko yote kituoni, kuanzia wiki ijayo natangulia mbele kila doria. Kuna chui ameonekana karibu na kisima.

Mke wangu ameniuliza kama nimepandishwa cheo. Nikasema kwa namna fulani.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa na nafsi yangu kwa utulivu. Nimeona nilipokosea. Ningeacha bunduki kabisa. Bunduki hupimwa na vyuma, na vyuma havina huruma.

Macho ni jambo jingine. Asiyeona vizuri hatangulizwi kwa chui, hiyo ni kanuni. Nimemtumia Mkuu ujumbe kwamba tangu Ijumaa naona ukungu. Amejibu haraka sana: Jumanne anakuja mpima macho.

Sina wasiwasi. Mke wangu amenitafutia bango la herufi kama lile wanalotumia, nami nimelibandika mlangoni nafanya mazoezi. Sitabahatisha hata kidogo. Kila herufi nitakayoonyeshwa, nitataja iliyo kushoto kwake.